Ushauri: jaribio la wanafunzi lipande kituo cha anga cha ISS na chombo kinachorudi au kinachoungua?

mlezi_klabu: Wakuu habari zenu. Nalea klabu ya sayansi, vijana wamepata nafasi ya kupeleka jaribio ISS kwa chombo cha mizigo kisicho na watu. Wanataka kuona fangasi wanavyoshambulia mbegu inayochipua kule ambako kila kitu kinaelea. Kifaa chenyewe ni kibomba cha silikoni chenye vibanio viwili, huku mbegu, katikati maji yenye spora (vijimbegu vya fangasi), mwisho dawa ya kusimamisha uhai. Mwanaanga anafungua kibanio cha kwanza, anatikisa, siku zikifika anafungua cha pili. Sasa nasikia vyombo vya mizigo viko tofauti: Cygnus ikimaliza kazi inajazwa takataka inaungua kwenye angahewa, Dragon ndo inarudi. Wazazi wengine wanasema tuchukue roketi yoyote itakayotangulia, na vijana wenyewe wana hofu ya kulipuka. Mngeamuaje?

obiti_51: Mkuu, kupanda na kushuka ni safari mbili tofauti. Sampuli inaweza kupanda na Cygnus, ikakaa kituoni, ikashuka na Dragon. Kwa hiyo wanaowashikia nafasi waulize mnashuka na nini, lini, na hapo katikati kibomba kinakaa kwenye joto gani, maana kule kuna friji za mpaka nyuzi 80 chini ya sifuri lakini nafasi zake zinagombaniwa sana. Dragon siku hizi inatua na parachuti baharini karibu na California; mpaka 2024 ya mizigo ilitua karibu na Florida, sampuli zikafika maabara za kituo cha Kennedy cha NASA ndani ya masaa machache. Msikubali nafasi ambayo haina jibu la kushuka, hata kama ni ya kesho.

fundi_valvu: Hofu ya vijana ina msingi, waambieni ukweli. Tarehe 28 Oktoba 2014 roketi ya Antares iliyobeba Cygnus ililipuka pale Wallops, Virginia, sekunde chache tu baada ya kuruka, na majaribio ya wanafunzi yalikuwemo. Mengi yaliandaliwa upya yakapanda na Dragon Januari 2015. Halafu Juni 28 mwaka huohuo Falcon 9, roketi inayobeba Dragon, nayo ikasambaratika ikiwa na dakika mbili na kitu hewani, chanzo kipande cha chuma kilichoshikilia chupa ya heliamu ndani ya tangi, kilikatika. Kipande tu hicho! Tengenezeni seti ya pili kamili leo, na mwandike kila kipimo ili yeyote aweze kuirudia.

BintiMbegu: Mimi nasisitiza kuchelewa, kuliko hata kulipuka. Dragon inasubiri njia ya kituo ipite juu ya eneo la kurushia, wingu baya likitokea dakika hiyo basi mpaka nafasi nyingine, na kila siku muda wa kuruka unawahi kwa karibu dakika 25, ikiharibika valvu ndo wiki zinapita. Mbegu kavu inavumilia ila spora zikikaa majini muda mrefu zinaanza kuota zenyewe. Kama inawezekana wekeni spora kavu pamoja na mbegu, maji yabaki peke yake katikati. Kisha fungieni kibomba kabatini wiki kadhaa bila kukigusa, mkikuta mbegu imevimba mjue kibanio kinavuja.

Mtazama_juu: Hata chombo cha kuungua kina faida yake jamani. Mwaka 2016 NASA waliwasha moto makusudi ndani ya Cygnus ikiwa imeshaondoka kituoni, wakaona unavyosambaa bila kuhatarisha mtu, picha na vipimo vikashuka kwa redio. Jibu lenu lingekuwa picha au namba msingehitaji kurudisha kitu, lakini mzizi wa kukata na kuweka kwenye hadubini lazima ushuke.

mlezi_klabu: Shukrani sana wakuu. Nimeshawaandikia kuuliza ya kushuka na joto, na wazo la spora kavu vijana wameanza kulijaribu leo. Swali moja, kibomba cha kulinganisha huku chini tukifungue lini?

BintiMbegu: Saa ileile mwanaanga anapofungua cha juu, kwa hiyo ombeni mpewe muda wake mapema. Na kikae kwenye joto lilelile la kituoni, vinginevyo hamtajua tofauti imeletwa na kuelea au na joto.