"Limiti imeisha" ni kauli ya bima, si ya sheria. Mbona daktari bingwa analipiwa na harambee?

Wadau, uzi huu ni wa hasira na sitaupamba.

Mtu anaanguka mjengoni kutoka orofa ya pili, mfupa wa paja unakatika. Hospitali ya kwanza inampiga eksirei, inamfunga, inampa rufaa. Daktari bingwa wa mifupa anasema hapa lazima chuma kiingie ndani ya mfupa. Basi simu zinaanza: mwajiri kwa wakala, wakala kwa kampuni ya bima, halafu jibu linashuka: "Limiti ya matibabu imeisha." Kufikia jioni kuna kundi la WhatsApp na nambari ya M-Pesa. Mwajiri anatuma elfu tano kwenye mchango, anaandikiwa "asante sana bosi, Mungu akubariki". Anashukuriwa kwa kuchangia deni lake mwenyewe!

Tusomeshane basi. Sheria ya majeraha ya kazini ya Kenya, WIBA ya 2007, kifungu cha 47, inamtwika mwajiri gharama zinazofaa za matibabu ya meno, ya daktari, ya upasuaji na ya hospitali. Inamtwika uuguzi wa kitaalamu, dawa, nauli na gharama za safari ya kwenda kutibiwa, viungo bandia na magongo, hata kuvitengeneza vikiharibika. Kipimo ni kwamba gharama iwe imefaa kwa jeraha lile. Kifungu hakisemi iwe imetoshea ndani ya mkataba wa bei ya chini kuliko yote ambayo wakala alimletea bosi.

Limiti inatoka kwingine. Kifungu cha 7 kinamtaka kila mwajiri awe na bima. Mikataba ya WIBA inayouzwa ina mafungu: kifo, ulemavu wa kudumu, ulemavu wa muda, matibabu. Fungu la matibabu ndilo linalobanwa, kwa sababu ukiipandisha limiti malipo ya mwaka nayo yanapanda, na mwenye kununua siye atakayelala wodini. Ni makubaliano ya watu wawili, mwajiri na bima. Aliyeumia hakuweka sahihi popote. Tuseme limiti ni 200,000 na bili ni 460,000. Bima inalipa zake, na 260,000 zinabaki kwa mwajiri. Haziendi kwa shemeji wa mgonjwa, wala kwa chama cha kina mama.

Na msidhani hizo 200,000 zinatoka kirahisi. Kazi kubwa ya kukataa inafanywa kwenye maana ya maneno. Mkataba unasema italipwa ada ya "daktari aliyesajiliwa". Karani wa madai anasoma hapo KMPDC, baraza linalosajili madaktari, peke yake. Mtaalamu wa fiziotherapia anasajiliwa na baraza lingine, kwa hiyo risiti zake zote, vikao kumi na viwili vya kufundisha goti kukunjika, zinarudishwa na mstari mwekundu. Dawa yake ni kumtaka daktari aliyepasua aandike fiziotherapia kama sehemu ya matibabu: ya kiungo gani, vikao vingapi, mara ngapi kwa wiki. Kisha ifanyike hospitalini na itozwe kwenye bili ya hospitali. Hapo ni matibabu ya hospitali, na hayo yametajwa waziwazi kwenye sheria. Risiti ya kliniki ya mtaani isiyo na barua ya bingwa ni karatasi tu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huo ubahili hata hesabu haujui. Ulemavu wa kudumu chini ya WIBA unapigwa kwa mapato ya miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Mshahara wa 30,000 kwa ulemavu wa asilimia 15 ni 432,000. Goti likikaa bila mazoezi likakakamaa, daktari akaandika asilimia 25, ni 720,000. Umekwepa vikao vya fiziotherapia, umejiongezea 288,000. Na mtu amebaki kilema.

Kwa daktari bingwa kuna mitego mingine. Mikataba mingi inataka rufaa ya maandishi, idhini ya kabla, na bingwa aliye kwenye orodha yao. Upasuaji mmoja unaweza kuzaa bili tatu au nne: ya hospitali, ya mpasuaji, ya daktari wa nusukaputi, na mara nyingine ya muuzaji wa vyuma. Barua ya dhamana ya bima, ile ya kuahidi kulipa, ikiitaja hospitali peke yake, mpasuaji na mwenzake hawajalipwa, mgonjwa haruhusiwi kutoka, na kila usiku kitanda kinahesabiwa. Kabla ya mtu kuingia chumba cha upasuaji, isomeni hiyo barua. Iwe na jina la upasuaji, majina ya madaktari wote wawili, vyuma vimetajwa, na kiasi. Ikisema tu "matibabu ya mgonjwa tajwa", irudisheni siku hiyo hiyo.

MRI, ile picha ya sumaku, nayo ni vita. Eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi kano za ndani ya goti wala gegedu. Fomu ikiandikwa "maumivu ya goti", bima inasema si lazima. Ikiandikwa "goti halishikamani, inashukiwa kano ya mbele imechanika, uamuzi wa kupasua unategemea picha", ni vigumu kuikataa. Picha ikitoka, mtafuteni adui mwingine kwenye ripoti: maneno ya kuchakaa kwa kiungo. Mtu wa miaka 45 aliyebeba saruji maisha yake yote hakosi kuchakaa mahali. Bima inalishika neno hilo moja na kukataa jeraha zima. Mwombeni bingwa aandike barua inayotenga kilichokuwepo zamani na kilichochanika siku ya ajali, na kwa nini anasema hivyo: uvimbe, damu ndani ya kiungo, kazi aliyokuwa akiifanya bila shida hadi siku ile.

Kisha kuna vyuma vyenyewe. Si kila chuma hutolewa, lakini vingine hulazimika kutolewa mfupa ukishaunga, na huo ni upasuaji wa pili. Ukifika huko unaambiwa faili ilifungwa. Ilifungwa lini? Siku ile mgonjwa alipopewa vocha ya kumaliza madai akaweka sahihi bila kusomewa, maana alikuwa anataka hundi alipe kodi ya nyumba. Usitie sahihi maneno "malipo kamili na ya mwisho" kabla bingwa hajaandika kama kuna matibabu yaliyobaki. Matibabu ni fungu moja, fidia ya ulemavu ni fungu jingine. Anayekukata bili ya hospitali kwenye fidia ya ulemavu anakuibia akiwa amevaa tai.

Na ule ujanja mpya wa "tumia kadi yako ya SHA kwanza", yaani bima ya afya ya serikali. Ile asilimia 2.75 inakatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi mwenyewe. Jeraha ambalo sheria imemwekea mwajiri, sasa aliyeumia ajilipie?

Haya, semeni.

Kibarua_Mlolongo: Umesema kweli tupu. Lakini vibarua je? Foromani wetu anasema WIBA ni ya walioandikwa.

Karani wa Madai: Foromani wako anadanganya, ndugu. Sheria inamtambua aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, na mkataba unaweza kuwa wa mdomo. Wa kutwa yumo. Shida ni ushahidi, kwa hiyo wekeni picha ya kitabu cha mahudhurio na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya Jumamosi. Wenye taabu ya kweli ni waendesha boda wa kusambaza mizigo kwa programu za simu. Wanaitwa "washirika", si waajiriwa, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Nimwongezee mwenye uzi tarehe, maana watu wanashindwa kwa tarehe kuliko kwa hoja. Mwambie mwajiri mapema iwezekanavyo, kwa maandishi. Yeye ana siku 7 za kuripoti kwa DOSH, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, na kama ni kifo, saa 24. Dai la fidia lina miezi 12. Likishawasilishwa na Mkurugenzi wa DOSH, mwajiri au bima ana siku 90 kulipa. Usipokubaliana na uamuzi wa Mkurugenzi una siku 60 za kupinga, yeye ana siku 14 za kujibu, na ukiwa bado hujaridhika una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya kazi. Usikimbilie mahakamani kwanza. Mahakama ya Juu ilishaamua Desemba 2019 kwamba madai haya yanaanzia kwa Mkurugenzi.

Tena, ile sehemu ya daktari kwenye fomu ya DOSH 1 isijazwe wiki ya tatu mguu ukiwa bado kwenye plasta. Asilimia ya ulemavu iandikwe jeraha likishatulia. Ikijazwa mapema itakuwa ya kubahatisha, na kuibadilisha baadaye ni kazi.

Mzee wa Premiamu: Mimi niko upande wa bima, nitapigwa mawe lakini nitasema. Kuna hospitali zikisikia neno "bima" bili inavimba. Chuma kile kile, bei mbili. Neno "zinazofaa" liko kwenye sheria kwa sababu hiyo pia.

Mwenye uzi: Sawa mzee, bishaneni na hospitali basi. Mna madaktari washauri, mna orodha za bei. Kwa nini mabishano yenu na hospitali yafanyike juu ya kitanda cha mgonjwa?

Dada_Athi River: Na aliyegongwa na matatu akiwa kazini? Mwajiri anasema tungoje bima ya matatu.

Karani wa Madai: Dada, asingoje. Alikuwa kazini, WIBA inaanza sasa hivi. Bima ya gari kwa mtu wa tatu, Sura ya 405, ina kikomo cha milioni 3 kwa kila mtu, na kwa kawaida hulipa baada ya maelewano au hukumu, hailipi bili ya wodi leo. Mwajiri alipe, baadaye atafutane na mwenye matatu.

Bima ikishasema limiti imeisha, mwandikie mwajiri barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya ajali, kifungu cha 47, jumla ya bili, kilicholipwa na bima, kilichobaki, na tarehe unayotaka jibu. Ambatisha barua ya rufaa, ripoti ya bingwa, bili iliyochanganuliwa (si jumla tu), risiti, na ile barua ya bima inayosema limiti imeisha. Hiyo ya mwisho watu huificha kwa uchungu, kumbe ndiyo inayoonyesha salio ni la nani. Kama bima imekataa kabisa bila kutoa sababu ya maandishi, lalamikeni pia kwa IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Nakala moja ya barua ipelekeni ofisi ya DOSH ya kaunti, nyingine ibaki nyumbani ikiwa na mhuri wa mwajiri wa kupokea. Akikataa kugonga mhuri, itumeni kwa posta ya rejista mtunze kile kikaratasi.