Waifu kapigwa eksirei ya kifua kumbe ana mimba, mtoto yuko salama?

Baba Kijacho: Wakuu habari za usiku. Waifu alikohoa kama wiki tatu hivi tukaenda hospitali moja huku kwetu akapigwa picha ya kifua, wakasema hana TB, tukashukuru. Sasa jana kapima ana mimba ya wiki 7, nikipiga hesabu siku ya picha ilikuwa wiki ya 5, na hakuna aliyemuuliza siku zake kaziona lini. Mama mkwe kasikia huko Mbagala kaja juu, eti mionzi inakaa kwenye damu, jirani naye anasema itolewe mapema. Sijalala.

Mtoto wa Tandika: Itolewe kisa picha ya kifua?? Huyo jirani mfungieni mlango aisee.

Chumba Na. 4: Mkuu mimi ni mpiga picha za eksirei. Kwanza mionzi ya eksirei haikai kwenye damu wala popote, mashine ikizima imeisha. Pili, mwale ulilenga mapafu, kinachofika kwenye mfuko wa uzazi ni kile kinachotawanyika ndani ya mwili tu, hakifiki hata miligrei 0.01 (miligrei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Madhara mnayoogopa, mimba kutoka, viungo kukosea, ubongo kudumaa, hayajaonekana chini ya miligrei 100. Hata mimba ambayo haijasogelea mashine inapata miligrei 0.5 hadi 1 kwa miezi yote tisa kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa saratani ndo tunahesabu kwamba hatari inapanda na dozi, hakuna kiwango cha chini tunachosema hapa hatari ni sifuri, kwa hiyo hatupigi ovyo, ila kwa dozi hii ni kitu kidogo mno. Kosa ni kutomuuliza, hilo sitetei.

Boda Ubungo: Na mimi niliyepigwa siti skani ya kichwa mwaka jana baada ya kuanguka na boda?

Chumba Na. 4: Hiyo ni kama milisivati 2 (kipimo cha athari ya mionzi kwa mwili mzima), kubwa kuliko ya kifua mara nyingi tu, lakini mtu wa kawaida duniani anapata kama 2.4 kwa mwaka bila kupigwa chochote. Kama walihofia damu imevujia kichwani walifanya sawa.

Baba Kijacho: Nimemsomea mama mkwe yote akanyamaza, halafu akauliza, kama haina shida mbona yule kijana aliyempiga picha alikimbilia nyuma ya ukuta?

Chumba Na. 4: Hahaha swali zuri. Waifu kapigwa moja, mimi nawapiga watu siku nzima, nikisimama pale kila mara mwisho wa mwaka itajumlishika. Tuna kidude kifuani kinachorekodi, Tume ya Nguvu za Atomiki wanakisoma, na kwa wastani hatutakiwi kuzidi milisivati 20 kwa mwaka.

Ila picha peke yake haitoshi kusema hana TB. Walimpima makohozi?

Baba Kijacho: Hawakumpima. Na bado anakohoa. Asubuhi tunarudi, na safari hii anasema mwenyewe ana mimba kabla hajakaa kwenye kiti.