Anwani ya barua pepe ya mambo ya fedha peke yake: alama ya + inatosha au nifungue akaunti mpya?

pazia_la_nyuma
Wakuu, salaam. Anwani yangu moja ndiyo iko kila mahali: benki, uwekezaji, pochi ya malipo, mitandao ya kijamii, maduka ya mtandaoni, mpaka majarida niliyojiandikisha nikasahau. Nataka mambo ya fedha yawe na anwani yake. Natumia Gmail. Je, nikiweka alama ya kujumlisha, yaani jina+benki, inatosha, au ni lazima akaunti mpya? Kila benki iwe na yake au moja itabeba zote? Na kuhamisha kunafanywaje bila kujifungia nje?

kufuli_mbili
Akaunti mpya, mkuu. Ukiandika jina+benki, barua inatua kwenye kikasha kilekile chenye nywila ileile. Mwizi mwenye orodha ya anwani zilizovuja anafuta "+benki" kwa amri moja tu, anabaki na anwani yako halisi. Nukta nazo ni kazi bure: kwa Gmail, nyota.njema na nyotanjema ni kikasha kimoja. Tena kuna fomu zinazoikataa alama hiyo, na nyingine zinaikubali siku ya kujisajili halafu zinaigomea siku ya kuingia. Faida yake ni ndogo: matangazo yakianza kumiminika kwa jina+duka, unajua nani ametoa anwani yako.

Kuna huduma za kuficha anwani kama Hide My Email ya Apple, Firefox Relay au SimpleLogin, zinazokutengenezea anwani nyingine na kuzipeleka barua zake kwenye kikasha chako. Hizo ni bora kuliko alama ya +, kwa sababu anwani zinazotengenezwa hazifanani na yako wala hazikisiki. Lakini hatari ziko mbili. Ya kwanza ni anwani kujulikana. Tovuti ikivuja, jozi za anwani na nywila zinachukuliwa na kujaribiwa na programu kwenye benki na pochi nyingi kwa mpigo, na kama unaingia benki kwa anwani ya barua pepe, nusu ya ufunguo tayari wanayo. Ya pili ni kikasha kufunguliwa. Aliyeingia ndani anabonyeza "nimesahau nywila" kwenye pochi yako na kiungo cha kubadilisha kinamfikia yeye. Anwani ya kuficha inapunguza hatari ya kwanza tu, kwa sababu barua zote bado zinaishia kwenye kikasha kimoja. Akaunti ya pekee inagusa zote mbili.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaihesabu. Ukishamaliza kuhamisha, barua inayojiita ya benki ikija kwenye anwani yako ya zamani, unaijua ni ya kitapeli kabla hujaisoma, maana benki haiitumii tena. Usiigeuze kanuni hiyo, lakini: barua iliyofika kwenye anwani ya fedha si lazima iwe ya kweli. Taasisi za fedha nazo huvuja, na jina la mtumaji ni rahisi kughushi.

Jina la anwani lisiwe na jina lako, mwaka wa kuzaliwa, wala neno benki. Maneno mawili yasiyohusiana, pamoja na tarakimu kadhaa, yanatosha. Epuka kuchanganya herufi l na tarakimu 1, au o na 0, kwa sababu ipo siku utalazimika kuitaja herufi kwa herufi kwa mhudumu kwenye simu.

mnyororo
Nakubaliana na kufuli_mbili, ila hapo ndipo wengi wanapoishia na kazi yote inaharibika. Wanafungua akaunti mpya, mfumo unawauliza anwani ya kurejesha akaunti, wanaweka ile ya zamani. Sasa mwizi hana haja ya kuihangaikia mpya. Anavunja ya zamani, anaomba kurejesha mpya, na msimbo unamfikia. Ulinzi wa akaunti mpya unakuwa sawasawa na ule wa akaunti unayoikimbia.

Mwelekeo unaokubalika ni kinyume chake: ya zamani irejeshwe kupitia mpya. Hata hapo kuna kasoro, kwani kurasa za kurejesha akaunti mara nyingi huonyesha herufi chache za anwani ya msaada na nyota katikati. Mimi naona ni afadhali zisijuane kabisa.

Namba ya simu ni mlango mwingine. Laini ikihamishiwa kwenye kadi ya mtu mwingine kwa kumhadaa mhudumu wa kampuni ya simu, misimbo ya SMS inakwenda kwake. Kwa hiyo fuata mpangilio huu na usiuvuruge: kwanza weka nywila mpya ndefu kutoka kwenye programu ya kutunza nywila, isiyotumika popote pengine. Pili weka programu ya kutoa misimbo ya kuingia, au bora zaidi funguo mbili za usalama za kuchomeka (vifaa vidogo vinavyothibitisha kuwa ni wewe), moja ya kutembea nayo na moja ya kufungia mahali. Tatu chapisha misimbo ya akiba. Google inakupa 10 yenye tarakimu 8, kila mmoja unatumika mara moja, na ukitengeneza seti mpya ile ya zamani inakufa. Ukishahakikisha unaweza kutoka na kuingia tena kwa njia hizo, ndipo uondoe namba ya simu kwenye njia za kurejesha. Ukianza kwa kuiondoa halafu simu ikapotea, umejifungia nje mwenyewe.

Misimbo ya programu ikikataliwa mfululizo, angalia saa ya simu kwanza. Misimbo hiyo hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa, hivyo simu iliyowekewa saa kwa mkono ikichelewa dakika chache inatoa misimbo iliyokwisha muda. Rudisha saa kwenye hali ya kujipanga yenyewe.

Jingine: kabla ya kuiacha ya zamani, fungua mipangilio yake uangalie sehemu ya kusambaza barua, vichujio, na programu zilizopewa ruhusa. Mdukuzi makini habadilishi nywila. Anaweka kichujio kinachosema "barua yoyote yenye neno uhamisho iwekwe alama ya kusomwa na ipelekwe kwenye tupio", kisha anatulia. Kubadilisha nywila hakufuti kichujio hicho. Lazima ukifute kwa mkono.

pazia_la_nyuma
Asanteni sana. Lile la anwani ya kurejesha nilikuwa nalifanya vilevile alivyosema mnyororo. Sasa kuhamisha, na suala la moja au nyingi?

leja_wazi
Moja inatosha kwa watu wengi. Ukiwa na vikasha vinne utavisahau viwili, na kikasha kilichosahauliwa hufutwa. Google na Microsoft wana kanuni ya miaka 2 bila matumizi, Yahoo ni miezi 12. Kupokea barua hakuhesabiki kama matumizi, lazima wewe uingie. Weka kikumbusho cha kila miezi 3. Ukitaka kila taasisi iwe na anwani yake, fungua akaunti moja ya fedha halafu tumia anwani za kuficha zinazoelekea humo.

Anwani kwenye kikoa chako mwenyewe (jina la mtandaoni unalolilipia, lile linalokuja baada ya @) inavutia, lakini kikoa kisipolipiwa kwa wakati kinarudi sokoni. Atakayekinunua anawasha barua pepe na kupokea kila kinachotumwa huko, viungo vya kubadilisha nywila vikiwemo. Kwa mambo ya fedha, mimi siishauri kwa mtu asiye na mazoea ya kusimamia vikoa.

Kuhamisha: anza na akaunti yenye pesa kidogo kuliko zote. Ingia kwa programu ya taasisi yenyewe au kwa kuandika anwani ya tovuti kwa mkono, si kwa kiungo cha kwenye barua. Badilisha anwani, thibitisha kupitia kiungo kilichotumwa kwa mpya, na usitoke kwenye akaunti mpaka umeona arifa halisi imefika. Omba taarifa ya akaunti itumwe kama jaribio. Haionekani? Tazama kwenye barua taka, uitoe humo, na umwongeze mtumaji kwenye anwani zako. Utapata pia onyo kwenye anwani ya zamani kwamba mawasiliano yamebadilishwa. Hilo ni la kawaida. Baadhi ya taasisi huzuia uhamisho wa pesa kwa muda baada ya badiliko kama hili, basi usilifanye siku unayodaiwa malipo makubwa.

Akaunti ulizozisahau utazipata kwa kutafuta kwenye kikasha cha zamani maneno kama "taarifa ya akaunti", "thibitisha", "risiti" na "nywila". Ya zamani usiifunge kabla ya mwaka mzima kupita, kwa kuwa kuna hati zinazokuja mara moja tu kwa mwaka, za kodi hasa. Ila taarifa za akaunti zilizobaki humo zipakue, zifute, na tupio ulimwage, maana Gmail huzishikilia humo siku 30.

jicho_kavu
Naunga mkono, ila tusiipe anwani sifa isiyo yake. Kompyuta ikiwa na programu hasidi inayoiba vidakuzi vya kivinjari (faili ndogo zinazoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia), mwizi anaingia kwenye kikasha ambacho tayari kimefunguliwa, bila nywila wala msimbo. Kwa hiyo kikasha cha fedha kiwe na wasifu wake wa kivinjari usio na viendelezi (programu ndogo za kuongezea kwenye kivinjari), na ukimaliza utoke. Na usitume barua ya kawaida kutoka humo hata mara moja: ukishaituma, anwani imeingia kwenye orodha ya mawasiliano ya mtu mwingine.

Jambo ambalo anwani ya pekee inaliweza kweli ni lile la kufurikishwa. Mwizi akishachukua pesa, anaisajili anwani yako kwenye maelfu ya majarida kwa mkupuo ili arifa ya benki izame. Asipoijua anwani, hana pa kumwaga.

pazia_la_nyuma
Na kwenye simu? Nilitaka kuweka vikasha vyote viwili kwenye programu moja ya barua.

mnyororo
Inawezekana, lakini anayenyakua simu ikiwa wazi anapata vyote. Kama unaweza, cha fedha kisiwe kwenye simu unayotembea nayo, kwani arifa za haraka utazipata kwa programu ya benki. Kama ni lazima, tumia programu nyingine ya barua inayofungwa kwa alama ya kidole, na uzime maudhui ya arifa kwenye skrini iliyofungwa, maana misimbo husomeka pale bila kufungua chochote.