Familia Chikongola: "Kama hakuiba, wakili wa nini?"

Mama Zuhura: Assalaam alaykum jamani. Rajabu kakamatwa leo saa nne asubuhi. Wanasema ghala la chama cha ushirika lilivunjwa juzi usiku, mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, imeibwa, na mlinzi kamtaja yeye. Issa yuko kwenye bodaboda anaelekea kituoni.

Baba Zuhura: Juzi usiku Rajabu alikuwa msibani Nanyamba, watu tele wamemwona. Aeleze ukweli wake atoke. Tukikimbilia wakili si tutaonekana tuna la kuficha? Kama hakuiba, wakili wa nini?

Da Halima: Shikamoo baba. Hapo naomba nikupinge, kama wakili. Asiye na hatia ndiye anayeiharibu kesi yake mapema, kwa sababu haogopi. Anaongea haraka ili arudi nyumbani. Anaulizwa "ghala unalijua?" anajibu "sijawahi kukanyaga pale", kumbe msimu uliopita alipeleka korosho na stakabadhi yenye jina lake ipo. Siku ya kesi ile stakabadhi inatolewa. Wizi haujathibitishwa, lakini ameshaonekana mwongo, na kumtoa hapo ni kazi kubwa.

Issa: Dada, nakaribia. Nifanye nini nikifika?

Da Halima: Kwanza muulize mkuu wa kituo kwa adabu: amekamatwa saa ngapi, kosa gani, mpelelezi ni nani. Andika majibu na saa. Pili, omba kumwona, sheria inamruhusu kuwasiliana na ndugu au wakili. Mwambie maneno machache tu: jina na anwani ataje, mengine halazimiki kujibu mpaka nifike. Asigombane na mtu. Na asiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa yote.

Mjomba Selemani: Hiyo karatasi ndiyo maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa. Lazima ionyeshe saa ya kuanza na ya kumaliza, kwamba alionywa na kuambiwa haki zake, na kwamba alisomewa alichosema. Muda wa kawaida wa kumhoji ni saa nne tangu ashikwe, kwa hiyo kwa Rajabu mwisho ni saa nane mchana. Safari ya kumfikisha kituoni na muda wa kumsubiri wakili havihesabiwi. Wakitaka zaidi lazima waongeze kwa utaratibu, na iandikwe.

Baba Zuhura: Na wakipitisha?

Mjomba Selemani: Wakili anapinga maelezo yasipokelewe. Lakini anapinga pale pale mwendesha mashtaka anapoomba yawe kielelezo, yaani sehemu ya ushahidi, kabla hakimu hajayapokea. Mshtakiwa aliye peke yake huulizwa "una pingamizi?" Hajui pingamizi ni nini, anasema hana. Karatasi inaingia. Akija kulalamika wakati wa utetezi kwamba alipigwa au hakusomewa, amechelewa.

Baba Zuhura: Lakini hakimu si ana macho? Ataona kijana kasingiziwa.

Da Halima: Baba, hakimu hapelelezi. Anapima kilicholetwa mbele yake. Ni kweli kuthibitisha ni mzigo wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, na Katiba inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Ila shaka haijitokezi yenyewe, inachimbwa kwa maswali. Mlinzi atasema "nilimwona Rajabu kwa tochi". Rajabu atamwambia "unadanganya". Basi, kikao kimeisha.

Mjomba Selemani: Maswali yenyewe Mahakama ya Rufani ilishayaeleza tangu 1980, kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Mlikuwa umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Mwanga wa nini, ukali wake, ulielekea wapi? Ulikuwa unamfahamu kabla? Mimi naongeza moja: ulimtaja jina kwa nani mara ya kwanza, na lini? Mtu anayesema alimjua mwizi kisha akakaa siku mbili bila kumtaja, hapo pana shaka nzito.

Da Halima: Na jambo muhimu ambalo shahidi hakuulizwa, mahakama huchukulia umelikubali. Kwa hiyo kunyamaza mbele ya mlinzi ni hasara. Tutaomba nakala ya maelezo ya mlalamikaji aliyoandika polisi, ni haki ya mshtakiwa. Mara nyingi kule alisema "watu sikuwatambua", mahakamani anakuja na majina.

Mama Zuhura: Na ule msiba? Si ndio unamtoa?

Da Halima: Unamtoa ukishughulikiwa leo, mama. Kusema "nilikuwa Nanyamba" kunahitaji taarifa kwa mahakama kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ikishindikana, maelezo yake yatolewe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Akilitoa dai hilo siku ya kujitetea, mahakama inaweza isilipe uzito. Nahitaji majina ya watu watatu wanne waliokesha naye. Wasiwe ndugu watupu. Dereva aliyempeleka, miamala ya simu ya usiku ule. Na kama kituo cha mafuta njiani kina kamera, mtu aende leo, maana picha hujifuta zenyewe.

Baba Zuhura: Sasa nimeelewa. Dereva namjua, nampigia.

Mjomba Selemani: Akipelekwa mahakamani, shtaka likisomwa ajibu "si kweli". Asijibu "ni kweli mlinzi ananijua". Likiandikwa kama kukiri anahukumiwa hapo hapo, na rufaa inabaki juu ya adhabu tu. Hata siku ya usikilizwaji wa awali, kikao cha kutenganisha yanayokubalika na yanayobishaniwa, hoja za kukubali ziwe zile wakili amezipitia. Watu hukubali mistari yote kwa heshima tu ya mahakama.

Mama Zuhura: Hela tutoe wapi? Korosho bado.

Da Halima: Kuhusu mimi usiwaze. Ila mjue wote: ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, asiye na uwezo anaweza kuomba, na mahakama inaweza kuagiza apatiwe. Msaidizi wa kisheria atawaelekeza na kuwaandikia, lakini hasimami mahakamani kumtetea mtu. Kwa mauaji, Mahakama Kuu hupanga wakili. Unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake haipungui miaka 30, wengi hujitetea wenyewe. Hilo linaniumiza sana.

Mjomba Selemani: Na vishoka wa nje ya mahakama, wanaojifanya mawakili, muwaepuke. Jina la wakili huangaliwa kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Dhamana nayo haiuzwi. Mama Zuhura, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa uchukue barua za wadhamini wawili, waje na vitambulisho vya NIDA.

Issa: Nimefika. Mpelelezi anasema wanaanza kumwandika sasa hivi.

Da Halima: Mwambie wakili yuko njiani, anaomba asubiriwe. Andika saa uliyomwambia. Natoka Ligula.