MREJESHO: Ukungu ukutani, nyumba ya Mikindani

Wakuu, mimi ni yule niliyeomba ushauri wa ukuta ulioota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Wengi mlisema nipige rangi ya mafuta, kesi iishe. Nashukuru sikuwahi, maana mmoja wenu alinishauri nibandike kwanza kipande cha foili ukutani kwa selotepu, kingo zote, nikiache siku kadhaa. Nilipokibandua, upande wa ukutani ulikuwa na matone. Wa chumbani mkavu kabisa. Yaani unyevu unatoka kwenye ukuta wenyewe, si hewa ya ndani.

Kuzunguka nje, tukakuta udongo wa bustani umepanda juu ya msingi na maji ya bati yanamwagika hapohapo. Tumechimbua udongo, tumefunga gata, na plasta ya chini iliyotoa chumvi nyeupe (nahisi mchanga ulichotwa pwani) tumeibomoa. Upepo wa kusi umeanza, ukuta unakauka. Baadaye tutapiga chokaa. Ukungu niliusugua kwa maji ya sabuni, barakoa usoni, madirisha wazi.

Harufu imepungua sana. Godoro la mtoto limeshindikana, tumelitupa. Mama mkwe bado anasema ni jini.