Binti wa miaka 11 kaanza kujipodoa kwa kificho, umri sahihi ni upi jamani?

Mama Wawili
Habari zenu wadau, naombeni mawazo yenu maana hili jambo limenikaa kichwani siku ya nne leo. Binti yangu wa kwanza ana miaka 11, bado wiki chache atimize 12. Juzi nataka kufua begi lake la shule, nageuza mfuko wa ndani nakuta kitambaa kimefungwa fundo, kufungua nakuta lipstiki yangu ya zamani ile niliyojua imepotea, imekatika nusu, na penseli ya wanja imebaki fupi kama njiti ya kiberiti, na maskara ambayo si yangu kabisa, mdomoni imeganda uji mkavu mweusi. Nilikaa chini hapohapo.

Sikumgombeza, namshukuru Mungu hasira ilinikuta peke yangu. Jioni nikamwita chumbani nikamwonyesha kile kitambaa, hata sijauliza akaanza kulia. Kumbe wapo watano, wanapaka njiani asubuhi na kufuta kwa tishu kabla ya kurudi, hiyo maskara ni moja na wanazungushiana wote.

Sasa swali langu, mtoto wa kike aanze kujipodoa akiwa na umri gani? Dada yangu kasema mpaka amalize shule zote, shoga yangu anasema wa kwake ana miaka 9 anapaka lipglosi kila siku na hajaona tatizo lolote. Mimi mwenyewe nilianza nina miaka 20 kwa hiyo sina pa kupimia. Sitaki akue mbio mbio, ila pia sitaki ajione kafanya uovu kwa kutaka kupendeza. Naomba wenye mabinti waliokwishapita hapo mnisaidie.

Fundi Brashi
Mama Wawili pole, na umefanya vizuri kutompigia kelele. Mimi ni mpambaji, mwaka wa 14 huu niko kwenye hii kazi, na kabla ya umri naomba tuanze na hiyo maskara. Itupe leo usiku. Maskara ikishafunguliwa ni ya miezi mitatu tu hata kwa mtu mmoja, kwa sababu kila ukichovya brashi unarudisha vijidudu vya kope ndani ya kichupa, mle kuna unyevu na giza, vinazaliana. Watoto watano kwenye brashi moja, mmoja akipata macho mekundu wanapata wote. Vitu vya macho haviazimwi hata kwa mama na mwana, mimi kazini natumia vibrashi vya kutupa. Halafu mfundishe kusoma alama ya kikopo kilichofunguliwa kifuniko iliyochorwa nyuma ya bidhaa, ndani yake kuna 6M au 12M, hiyo ndiyo miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua, watu wazima wengi hawaijui.

Umri sasa. Niliwahi kuletewa binti wa miaka 12 nimpambe kwa ajili ya sherehe, kaja tayari kapaka faundesheni ya rangi ya mtu mwingine kabisa, uso mweupe shingo ya kwake. Nikamwambia tufute kwanza tuanze upya. Nilipopitisha pamba kwenye paji la uso yakatokea chunusi tupu, madogo madogo yamejaa mpaka kwenye nywele, na yule mtoto akainua kiganja akajifunika uso, mama yake kasimama palepale anaona kwa mara ya kwanza. Miezi yote hiyo alikuwa anaficha, na ile faundesheni nzito kalala nayo siku nyingi ndiyo inazidi kuziba vinyweleo. Tangu siku hiyo mzazi akiniuliza umri gani, namwambia kwanza muulize anaficha nini. Kuna anayepaka kwa kuwa anapenda rangi, huyo ni mchezo na unaweza kukaa naye mkacheza pamoja. Mwingine anapaka kwa sababu hawezi kutoka nje na uso wake, huyo kumnyima rangi hakumsaidii na kumpa rangi hakumsaidii, shida yake iko kwingine.

Kwangu mimi chini ya miaka 13 faundesheni simpaki mtoto hata mzazi akinibembeleza. Naweka mafuta ya mdomo yasiyo na rangi, nachana nyusi, basi.

Bi Mkubwa
Mwanangu Mama Wawili mimi nitatofautiana na wenzangu na mnisamehe. Nimelea mabinti watatu, wote hawakugusa lipstiki mpaka 18. Sio kwamba rangi ni dhambi. Ni kwamba niliona kwa macho yangu binti wa jirani wa miaka 12 akipakwa wanja na lipstiki nyekundu anaonekana wa 18, na wanaume wazima wakamsemesha kama wa 18, na mtoto mwenyewe hajui ajibu nini, anacheka tu kwa woga. Akili ilikuwa bado ya mtoto. Mtoto anakuwa mtoto mara moja, hiyo mekapu itamsubiri. Samaki mkunje angali mbichi.

Baba Tausi
Shikamoo Bi Mkubwa. Hofu yako naielewa kabisa maana mimi nalea binti peke yangu na hiyo ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi. Lakini naomba kusema kitu kimoja, yule mwanaume mzima aliyemsemesha mtoto wa miaka 12 ana makosa yake mwenyewe, na mabinti wasiopaka chochote pia wanasemeshwa. Mimi niliona kama namwambia binti yangu usipake kwa sababu ya wanaume, siku akisumbuliwa atadhani kajitakia na hataniambia. Nikabadilisha, nikamfundisha kwanza akisumbuliwa afanye nini na aniambie nani, kapaka au hajapaka.

Kuhusu umri nilichofanya ni hivi, alipofika 11 akaanza kuuliza, nikamwambia nyumbani unaweza kuchezea rangi Jumamosi, shule hapana kwa sababu shule ina sheria yake na mimi na wewe hatuivunji. Akifika 13 tutaongea ya kutoka nje. Basi hizo Jumamosi nikakaa naye, mimi baba mtu nashika kioo, anajichora nyusi moja juu moja chini tunafuta tunaanza tena. Nilijifunza kufuta wanja kwa mafuta na pamba taratibu bila kuvuta kope. Alipofika 13 hamu yote ilikuwa imepungua, sasa hivi ana 15 anapaka lipglosi na maskara kidogo siku za sherehe na siku nyingine hata hakumbuki. Sisemi kila mtoto atakuwa hivyo ila kwangu ilikuwa hivyo.

Nuru_20
Mimi nina miaka 20 naandika kama yule binti wa kwenye hiyo hadithi yako mama. Kwetu mama alikataza kabisa, neno lipstiki halitajwi. Nikiwa na 13 nilikuwa na madoa ya chunusi mashavuni, na kwenye video zote ninazoangalia wasichana wana ngozi kama karatasi, sikujua ni filta, nilidhani ni mimi tu. Nikajichanga nikanunua krimu kwenye kikopo kisicho na maandishi yoyote, nimeambiwa inatoa madoa. Wiki mbili za kwanza madoa yakafifia kweli, nikafurahi mno. Wiki ya tatu uso ukaanza kuwaka, nikioga maji yananichoma, pembeni ya pua ngozi inabanduka kama ganda. Na sikusema. Hapo ndipo nataka unielewe, sikusema kwa sababu kumwambia mama uso unaniwaka ilikuwa ni kukiri kwanza kwamba nilinunua, halafu kwamba nilipaka, halafu kwamba nilimdanganya. Nikaendelea kupaka nikidhani ikizidi kuchoma ndiyo inafanya kazi. Nilikaa hivyo karibu miezi miwili mpaka mwalimu ndiye aliyenipeleka zahanati.

Mama yangu nampenda na hakuwa na nia mbaya, alikuwa ananilinda kwa njia aliyoijua. Ila mama Wawili chochote utakachoamua, iwe 13 au 18, hakikisha binti yako siku uso ukimuwasha anaweza kukuambia siku hiyohiyo.

Mfamasia wa Zamu
Nuru pole sana mdogo wangu, na asante kwa kuandika hii. Kikopo kisicho na orodha ya viambato ndicho kitu cha kwanza cha kukataa. Krimu nyingi za kung'arisha zimekutwa na zebaki, na zebaki inaingia kupitia ngozi, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na haiishii kwa anayepaka, hata wanaochangia naye taulo inawafikia. Ndiyo maana Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 ulianza kuibana, na 2023 nchi wanachama zikakubaliana vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe kabisa ifikapo 2025. Mkataba ni karatasi lakini, vikopo bado vipo. Ukiona kwenye orodha neno calomel au neno lolote linaloanza na mercur, rudisha palepale.

Wanja nao uangaliwe. Penseli za kawaida za kiwandani zenye orodha ya viambato ni kitu kingine, nazungumzia ule wa unga unaosagwa kutoka kwenye jiwe, ambao mara nyingi jiwe lenyewe ni madini ya risasi. Risasi kwa mtoto haina kiwango salama, inakwenda kwenye ubongo unaokua, na mtoto anapikicha jicho kisha anatia kidole mdomoni. Na msidhani kikiwa na picha ya katuni ndiyo salama, mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha watu kuhusu vipodozi vilivyouzwa kwa mabinti wadogo, vilikutwa na asbesto kwenye poda, yaani madini ya nyuzinyuzi yanayoleta saratani, kwa sababu talki, lile jiwe laini linalosagwa kuwa poda, na asbesto huchimbwa maeneo yanayokaribiana ardhini.

Kingine ambacho kwa sasa naona zaidi ya lipstiki ni mabinti wa miaka 10, 11, wanakuja dukani kutafuta seramu za retinoli na asidi za kuchubua, wameziona kwenye video. Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya makunyanzi na madoa ya watu wazima. Ngozi ya mtoto bado inajibadilisha yenyewe kwa kasi, ukiiwekea retinoli unaipasua kinga yake, inakauka, inakuwa nyekundu, na jua linaichoma upesi. Mtoto wa umri huo anahitaji sabuni laini, losheni ya kawaida isiyo na manukato na ya kujikinga na jua, basi. Akiwa na chunusi nyingi apelekwe kwa daktari wa ngozi, zinatibika, asiachwe azifunike.

Na kama mtaamua apake kitu, kipya chochote kijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko, kidogo tu, msubiri siku mbili. Kikiwasha au kuvimba hakifiki usoni. Na jioni kinafutwa kabla ya kulala, bila kujadiliana.

Bi Mkubwa
Nuru umeniliza. Mimi wangu sikuwahi kuwauliza kama walipaka kwa kificho. Ngoja nimpigie huyu wa mwisho.

Mama Wawili
Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili mbili, baba Tausi na Nuru Mungu awabariki. Fundi nilifanya ulichosema, nikamuuliza unaficha nini mwanangu. Akanyamaza muda mrefu sana, anachuna uzi wa shuka, mi nikanyamaza naye. Mwishowe akasema midomo. Kuna watoto darasani wanamwambia midomo yake myeusi kama ya mvuta sigara, wameanza tangu mwaka jana. Mwaka mzima na mimi sina habari, nilikuwa naona tu akicheka anaweka mkono mdomoni nikadhani ndiyo adabu.

Midomo yake ni yangu. Na ya kwangu ni ya mama yangu. Nikamvuta mbele ya kioo tukasimama wawili, nikafuta lipstiki niliyotoka nayo kazini, nikamwonyesha. Akaniangalia, akaniuliza, kwa hiyo mama na wewe unaficha? Wadau sikuwa na jibu. Nimepaka lipstiki kila siku kwa miaka kumi na sita, yeye tangu azaliwe hajawahi kuniona natoka nje bila. Nikamwambia sijui, labda ndiyo, naomba nifikirie nitakujibu kwa ukweli.

Kwa sasa tumekubaliana hivi, mafuta ya mdomo yasiyo na rangi aende nayo hata shule, rangi ni nyumbani tu kama kwa baba Tausi, na akitimiza 13 tunakaa tena. Maskara na lile wanja kavitupa mwenyewe. Suala la wale watoto darasani nimeshaomba kuonana na mwalimu wao Jumatatu. Ila bado kuna wale wanne waliokuwa wanachangia maskara, mmoja leo nimemwona jicho limevimba na mama yake hajui kitu, binti yangu ananisihi nisiseme maana wataonana wabaya. Nimemwambia nitaongea na huyo mama nikiwa mimi ndiye niliyekosea kutokuangalia, sio mtoto wake. Naenda sasa hivi kabla hajalala.