Shura (baraza la ushauri) ya Umar: uchaguzi au kikao cha wakubwa?

Kahawa Chungu: Wakuu, jana kijiweni tumebishana hadi kashata zikaliwa na nzi. Jamaa anasema makhalifa wa mwanzo walichaguliwa na watu. Nikamwambia hapana. Mwaka 644 Umar, khalifa wa pili, kalala na majeraha ya jambia, kachomwa akiswalisha alfajiri, anataja watu sita wachague mmoja wao. Hapo raia wa kawaida yuko wapi?

Ustadh Ndimu: Walikuwa saba. Soma kwanza.

Binti Saburi: Sita, ustadh. Ali, Uthman, Abdulrahman bin Auf, Saad bin Abi Waqqas, Talha na Zubeir. Abdullah bin Umar aliingizwa kutoa shauri tu, baba'ke akamnyima cheo waziwazi. Ingekuwa wa kwetu, mtoto angeshaapishwa zamani. Na Abdulrahman alijitoa mwenyewe, akakesha akiwauliza watu wa Madina, ndipo akampa Uthman mkono wa utii.

Jiwe la Pembeni: Mmeruka 632 makusudi. Kikao cha Sakifa pale Madina cha kumpata khalifa wa kwanza, Ansari, yaani Waislamu wenyeji wa Madina, wanamtaka Saad bin Ubada, Umar anauwahi mkono wa Abubakar kumpa utii, Mtume (SAW) hajazikwa. Na Ali, aliyenyanyuliwa mkono na Mtume pale Ghadir Khum, kwetu sisi Mashia ndiyo kutajwa mrithi, hata kikaoni hayupo!

Ustadh Ndimu: Tumeshakujua upande wako. Mbona husemi aliyemuua Ali? Makhawariji, kundi lililomwasi, hao hao mababu wa Maibadhi, madhehebu ya Unguja.

Mpemba Asili: Weee! Ami, hilo neno lirudishe ulikolitoa. Babu yangu alikuwa Ibadhi, miaka yote kaswali safu moja na Masunni, yeye mikono chini, wao kifuani, wakitoka wanagawana halua. Ibn Muljam alimpiga Ali upanga kule Kufa mwaka 661, sisi tunahusikaje? Maibadhi walijitenga na Azariqa, Makhawariji wenye siasa kali, kwa sababu hao walihalalisha damu za Waislamu wenzao.

Ustadh Ndimu: Mikono chini ndiyo sunna gani?

Binti Saburi: Wamaliki wengi, nao ni Masunni, wanaachia mikono. Utawafukuza Afrika Magharibi yote?

Jiwe la Pembeni: Na Mashia. Karibuni 😂

Kahawa Chungu: Jamani, mimi niliuliza uchaguzi, sikuuliza mikono.

Mpemba Asili: Tulia, nakuja huko. Sisi ndio tuliosema imamu ni mchamungu yeyote, hata asiwe Mkureshi, wa kabila la Mtume, akidhulumu anavuliwa. Sakifa ilimalizwa kwa hoja ya Ukureshi, au nadanganya?

Ustadh Ndimu: Maneno matamu. Basi Unguja mbona ulitawala ukoo mmoja tu wa Kiibadhi, tangu Seyyid Said hadi 1964?

Mpemba Asili: Wale masultani, hawakuwa maimamu, usichanganye bamia na mlenda. Halafu ile saba yako uliyotuambia tusome, umeiacha wapi?

Ustadh Ndimu: Nilimhesabu na mwanawe Umar.

Binti Saburi: Aliyenyimwa cheo?

Ustadh Ndimu: Adhana hiyo, tutaonana baada ya isha.